Uliza Nikujibu: Kesi za kaunti na tikiti yako ya soko

Assalam aleikum wasomaji wangu, hamjambo. Mwezi uliopita niliandika hapa mstari mmoja tu, kwamba kesi ambayo kaunti imeshindwa kortini mwisho wake hulipwa na mama mwenye meza sokoni, na mstari ule umeniletea barua nyingi kuliko kitu chochote nilichoandika mwaka huu, wengine mwauliza, wengine mwanigombeza. Basi leo safu nzima ni hilo. Kwa wageni niseme tu kwamba nilikuwa karani wa wakili hapa Mombasa mjini miaka mingi, mafaili ya kesi za serikali nimeyabeba kwa mikono yangu kutoka rejistri ya korti, haya siyasemi kwa kusikia.

Shikamoo Bi Mkubwa. Nauza samaki hapa Kongowea, mwaka wa 11 huu. Ulisema kesi ya kaunti nalipa mimi. Sasa mimi sijashtaki mtu wala sijashtakiwa, ushuru wangu nalipa kila asubuhi na tikiti naweka. Hebu nielezee, hiyo kesi yanifikiaje mimi na ndoo yangu ya samaki?
*Muuza samaki, Kongowea*

Marahaba mamangu, na hongera kwa kuweka tikiti, watu wengi hutupa.

Anza na mfuko. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 207, yasema kila kaunti iwe na mfuko mmoja wa mapato, pesa zote zaingia humo na zatoka humo. Zaingia kwa njia kubwa mbili. Ya kwanza ni mgao kutoka serikali kuu, ambao katiba yasema kaunti zote 47 kwa pamoja zisipate chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa yaliyokaguliwa. Mombasa kwa mfano mwaka wa fedha wa 2021/22 ilipangiwa zaidi ya bilioni 7.5. Njia ya pili ndo wewe: tikiti ya soko, leseni ya duka, parking, kodi ya ardhi, mabango ya matangazo, malipo ya hospitali.

Sasa mgao ule kaunti haina uwezo wa kuuongeza ikitaka. Yaweza hata kupungua katikati ya mwaka, mwaikumbuka Juni 2024, vijana waliingia barabarani, mswada wa fedha wa taifa ukaangushwa, na kaunti zilizokuwa zimeahidiwa bilioni 400.1 zikaishia kupata kama bilioni 387.4. Kwa hivyo pengo likitokea, mahali pa pekee ambapo kaunti yaweza kunyoosha mkono yenyewe ni kwako wewe na mwenye duka na mwenye kiwanja.

Na kesi ndo pengo lenyewe. Chukua mfano huu, ni mfano wangu tu wala si kesi ya mtu. Tuseme kaunti fulani imeamriwa na korti imlipe mtu milioni 4, haikulipa, na hukumu yasema deni lizae riba ya asilimia 12 kwa mwaka. Hiyo ni 480,000 kila mwaka. Tikiti ya meza tuseme ni shilingi 50. Gawanya, utapata tikiti 9,600. Yaani kila siku ya Mungu, Ijumaa na Jumapili na sikukuu, kina mama 26 wa meza za soko walipa ile riba peke yake, na deni lenyewe la milioni 4 liko pale pale halijapungua hata senti. Mimi hesabu hii niliifanya kwenye bahasha jikoni nikaketi nikaitazama muda mrefu.

Alafu kuna wakili. Watu wengi hufikiri wakili alipwa kwa siku anazosimama kortini. Sio hivyo. Kuna sheria ya malipo ya mawakili yenye viwango, na kwenye kesi za pesa au mali, ada ya kuichukua kesi yapanda na thamani ya kile kinachogombaniwa. Kesi ya kiwanja cha mamia ya milioni hata ikisikizwa siku mbili, bili yake si ya siku mbili. Na wakili asipolipwa yeye naye apeleka bili yake kwa naibu msajili wa korti, bili yakaguliwa, yapewa cheti, na cheti kile chageuka hukumu dhidi ya kaunti ile ile aliyokuwa akiitetea. Mfano unaotajwa kila mara ni Nairobi, madeni ya mawakili pale yahesabiwa kwa mabilioni, na mengine yalirithiwa tangu enzi za baraza la jiji.

Ndo inavyokufikia. Mwaka unaofuata wakiketi kuandika bajeti, mishahara haiguswi, sheria ya fedha za umma yataka angalau asilimia 30 iende maendeleo, sasa pesa ya kesi itoke wapi? Yatoka kwenye vitu vidogo vidogo visivyopiga kelele, bomba la maji la choo cha soko, barafu, taa, dizeli ya lori la taka. Kisha mwenye kuandika makadirio aandika kwamba mapato ya masoko yatapanda, na ili yapande lazima tikiti ipande. Kwa hivyo walipa mara mbili mamangu, tikiti yapanda na choo kimefungwa.

Bi Mkubwa mambo. Mimi ni dereva wa tuktuk route ya Bamburi. Mwaka juzi nilichelewa deni la laki moja na ishirini, dalali akaja na karatasi ya korti akabeba sofa, TV na friji, watoto wanaangalia. Sasa nasikia serikali ikishindwa kesi hata ya mamilioni dalali haigusi. Ni kweli ama ni stori za stage? Na kama ni kweli mbona iwe hivyo?
*Dereva, Bamburi*

Poa mwanangu, na pole sana na hilo la sofa, najua vile nyumba hubaki na mwangwi.

Ni kweli. Kuna sheria ya zamani ya kesi dhidi ya serikali, sura ya 40, kifungu cha 21, yasema mali ya serikali haikamatwi kulipia hukumu, na mwaka 2015 sheria iliguswa ikasema wazi kwamba kaunti nazo zimo. Dalali hawezi kwenda kuchukua ambulansi ya kaunti wala kompyuta za ofisi ya leseni. Nikisema ukweli wangu, msingi wa sheria hii naukubali, kwa sababu ambulansi ile si ya gavana, ni yako. Ikiuzwa kwa mnada ili mtu mmoja alipwe, ni mgonjwa wa Bamburi atakayebebwa kwa tuktuk yako.

Lakini tazama mwenye haki apitishwa wapi. Ashashinda kesi. Arudi kortini aombe cheti cha amri, cheti kipelekwe serikalini. Asipolipwa afungue kesi nyingine High Court, kuomba ofisa anayehusika na hesabu alazimishwe na korti kulipa. Akipata amri hiyo na bado kimya, aombe ofisa yule aadhibiwe kwa kudharau korti, na hapo ndipo mtu binafsi aweza kujikuta na faini au hata jela. Nimeona wakati mwingine pesa ambayo kwa miaka haikuwepo yapatikana asubuhi ya siku ofisa atakiwa asimame mbele ya jaji. Na hatua zote hizo zina gharama, na aliyeshindwa kwa kawaida ndo alipa gharama za kesi, na riba yaendelea kuhesabu tu.

Kwa hivyo ile sheria ya kuikinga mali ya umma, ikitumiwa kama blanketi la kulalia, yaigeuza milioni 4 kuwa milioni 7. Hilo ndo linaloniuma. Kinga ilitolewa ili huduma zisisimame, haikutolewa ili mtu awekwe foleni mpaka afe.

Mimi naona mwatupotosha. Hawa wanaoshtaki kaunti kila siku ndio wanaotumaliza. Mtu akianguka kwenye mtaro, korti. Leseni ikipanda kidogo, korti. Wakili apata, mshtaki apata, sisi wengine twalipa. Bora ipigwe marufuku, serikali isishtakiwe, hiyo pesa ijenge barabara.
*Mzee wa Mji wa Kale*

Mzee wangu, kwa heshima zote, hapa hatukubaliani, na nakuomba unisikize mpaka mwisho kwa sababu barua yako si peke yako, kuna nyingine nne za namna hii.

Aliyeanguka kwenye mtaro hakuutengeneza ule mtaro. Mfuniko ulitoka, mtu akaripoti, ukakaa miezi bila mfuniko. Mfuniko mmoja wa zege fundi akuwekea kwa siku moja. Gharama ilianza siku mfuniko ulipotoka, kesi ni risiti yake tu imekuja imechelewa.

Ntakusimulia faili moja, ofisi yenyewe siitaji na wala haina haja. Mteja wetu alikuwa fundi seremala, tingatinga la serikali lilibomoa karakana yake kimakosa, walikuwa watafuta karakana ya jirani. Mwanzo kabisa aliandika barua, akaomba 600,000, mbao na mashine zake, basi. Barua haikujibiwa. Akaandika tena, haikujibiwa. Ndipo akaja kwetu. Nakumbuka faili lilivyokuwa siku ya kwanza, jembamba, unene wa daftari la mtoto wa shule. Tulipeleka madai, muda wa kujibu ukapita, upande wa pili wakaja baadaye kuomba waongezewe muda, wakaongezewa. Siku ya kusikizwa wakili wao hakuja, ikasogezwa. Akabadilishwa wakili, mpya akaomba muda asome faili. Ikasogezwa. Miaka minane. Faili siku ya hukumu yalikuwa mawili, nimeyafunga kwa kamba ya katani kwa sababu klipu haikushika tena, na jumla pamoja na riba na gharama ilikuwa imepita milioni 3. Yule fundi alilipwa baada ya mashine nyingine kushapatikana za kisasa na mikono yake kushaanza kutetemeka. Sasa niambie mzee, aliyetumaliza hapo ni fundi, ama ni yule ambaye barua ilikuwa mezani kwake na hakuijibu?

Na hilo la ushuru pia nalijibu kwa mfano. Kaunti ya Kiambu ilipitisha Sheria yake ya Fedha ya 2013, ya kwanza kabisa baada ya kaunti kuanza, watu wakaenda kortini wakisema hawakuulizwa. Aprili 2014 Jaji Odunga aliitupa sheria yote kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Yeye alisema jambo ambalo mimi kwa maneno yangu nalisema hivi, kwamba kumwalika mtu kwenye karamu baada ya sufuria kuoshwa si mwaliko. Tangu hapo kaunti zote zajua kwamba ushuru ukipandishwa kwa mlango wa nyuma waweza kuanguka. Bila wale walioshtaki, mzee, wewe na mimi tungekuwa twaamka tu na kusoma bei mpya mlangoni.

Hata serikali kuu imeonja. Sheria ya Fedha ya 2023, mahakama ya rufani iliitupa yote tarehe 31 Julai 2024, kisha mahakama ya juu ikairudisha tarehe 29 Oktoba 2024. Miezi mitatu nchi nzima haijui ushuru upi ni halali na upi sio. Huo nao ni mzigo, mwenye kupanga bajeti hajui aandike nambari gani. Lakini dawa yake ni kuandika sheria vizuri na kuuliza watu mapema. Kufunga mlango wa korti hakuwezi kuziba mtaro hata mmoja.

Nina nyumba mbili za kupangisha Tudor. Mtu ameniambia kaunti yaweza kuanza kukata kodi kwenye mapato ya kodi za nyumba kama KRA. Ni kweli?
*Mwenye nyumba, Tudor*

La, dadangu. Kifungu cha 209 kimezitaja kodi za kaunti: kodi ya ardhi na majengo, kodi ya burudani, na nyingine yoyote ambayo bunge la taifa limeiruhusu kwa sheria. Juu ya hizo yaweza kutoza ada kwa huduma inayotoa. Kodi ya mapato na VAT ni za serikali kuu peke yake, kodi ya mapato ya nyumba walipa KRA na inatosha. Na kifungu cha 210 chasema hakuna kodi wala ada ya leseni inayowekwa au kusamehewa bila sheria, kwa hivyo mtu akija na kitabu cha risiti muulize ni sheria ipi na mwaka gani, na umuulize kwa upole, pengine naye ametumwa tu.

Asalam aleikum dada yangu. Mwanangu yuko Chicago miaka 9 sasa. Kila tukizungumza alalamika kodi ya jimbo, mbali na ile ya nchi. Mimi nilidhani wenzetu wale pesa hazina shida. Kwani majimbo ya Marekani nayo yana madeni na kesi kama kaunti zetu?
*Mama wa Likoni*

Wa aleikum salaam dadangu. Wanayo, tena makubwa ya kutisha. Jimbo la kule ni kubwa kuliko kaunti yetu kwa mamlaka, laweza kutoza kodi ya mapato yake lenyewe, ndo maana mwanao akatwa mara mbili. Lakini halichapishi pesa, na karibu majimbo yote sheria zao zataka bajeti isawazishwe, kinachotoka kisizidi kinachoingia. Vermont ndo lisilo na sharti hilo. Kwa hivyo pengo likitokea ni lile lile la kwetu, ukate huduma ama upandishe kodi.

Illinois, hilo jimbo la mwanao, kati ya 2015 na 2017 wakubwa wao walivutana miaka miwili bila kupitisha bajeti kamili. Bili zikarundikana mpaka zikapita dola bilioni 14. Na wao wana sheria yao kwamba serikali ikimchelewesha mwenye kuidai, bili yazaa riba ya asilimia 1 kwa mwezi. Piga hesabu mwaka. Ni 12, ile ile ya mfano wangu wa soko hapo juu, sikuipanga. Julai 2017 kodi ya mapato ya mtu binafsi ikapandishwa kutoka asilimia 3.75 mpaka 4.95, na hiyo ndo mwanao ailalamikia.

Na jimbo jirani, Michigan, kuna kisa ambacho mimi sikisahau. Mji wa Flint ulikuwa maskini, jimbo likaweka meneja wake wa kusimamia pesa za mji, na Aprili 2014, katika kupunguza gharama, wakaacha maji waliyokuwa wakinunua Detroit wakaanza kuchota mto Flint. Maji yale hayakutiwa dawa ya kuzuia kutu, yakala mabomba ya zamani, risasi, ile madini yenye sumu wala si ya bunduki, ikaingia kwenye maji, watoto wakanywa. Risasi kwenye mwili wa mtoto yaharibu ubongo na haitoki kwa kuomba radhi. Kina mama walikuwa wabeba chupa za maji ya rangi ya chai kwenye mikutano, waambiwa maji ni salama. Mwaka 2020 jimbo likakubali kulipa dola milioni 600 kumaliza kesi, sehemu kubwa iende kwa wale waliokuwa watoto wakati ule, na jimbo likalazimika kukopa. Kwa hivyo mkulima wa Michigan aliye mbali na Flint, ambaye hajawahi kunywa tone la mto ule, yumo kwenye kulipa. Waliokusudia kuokoa hela kidogo ya maji wameiacha bili hiyo kwa miaka.

Msalimie mwanao, mwambie kodi yake nimeiona.

Mimi ni mwanafunzi wa chuo. Nataka kujua kaunti, yoyote ile, imelipa mawakili kiasi gani na kesi gani imeshindwa. Nimeuliza watu naambiwa ni siri. Ni siri kweli? Naanzia wapi?
*Mwanafunzi, Kisauni*

Hapa mwanangu umenifurahisha, na jibu ntalirefusha kidogo kwa sababu watu wengi wangeuliza lakini hawajui.

Si siri. Maelezo ya wakili kwa mteja wake juu ya kesi, ushauri wenyewe, hayo ni ya siri na ni sawa yawe hivyo. Lakini kiasi cha pesa ya umma kilicholipwa si siri. Kifungu cha 35 cha katiba chakupa haki ya habari, na sheria ya 2016 ya upatikanaji wa habari yataka ofisi ikujibu ndani ya siku 21. Andika barua fupi. Usiandike "naomba habari zote za kesi", utajibiwa kwa mkanganyiko. Andika: jumla ya malipo kwa mawakili wa nje mwaka wa fedha fulani, majina ya kampuni za mawakili, na deni lililobaki tarehe 30 Juni. Mambo matatu. Peleka nakala mbili, wakupigie muhuri moja, hiyo yako, uiweke vizuri. Siku 21 zikipita kimya, nenda Tume ya Haki ya Utawala, wale waitwao Ombudsman, malalamiko kama hayo ndo kazi yao.

Huku wasubiri, soma. Mdhibiti wa Bajeti atoa ripoti za kaunti kila robo mwaka, mna madeni ambayo hayajalipwa, na mara nyingi utaona matumizi kwenye mstari wa huduma za kisheria. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu naye, kifungu cha 229, atakiwa amalize ukaguzi ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa fedha kufungwa, yaani kufikia Desemba 31. Ripoti zile ziko wazi kwenye tovuti zao. Fungua pale palipoandikwa madeni na pale palipoandikwa dhima za baadaye, kwenye hizo dhima ndo hukaa kesi ambazo bado zaendelea na zaweza kuja kuwa deni. Wengi huruka ukurasa ule kwa sababu nambari zake hazijaingia kwenye jumla. Mimi huanzia pale.

Na uliza swali moja zaidi. Tangu 2020 kuna sheria ya ofisi ya mwanasheria wa kaunti, kila kaunti iwe na mwanasheria wake mwajiriwa na wasaidizi wake, analipwa mshahara. Basi kesi ngapi zafanywa na ofisi hiyo, na ngapi zapelekwa nje, na kwa nini? Kesi nyingine zataka bingwa, hilo nakubali, lakini kesi ya mfuniko wa mtaro haihitaji bingwa, yahitaji mtu wa kujibu barua.

Kisha kuna kalenda, iandike ukutani. Mwaka wa fedha waanza Julai 1. Karatasi ya mwelekeo wa fedha ya kaunti yapelekwa bunge la kaunti kufikia Februari 28, makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30, bajeti ipite kabla ya Juni 30. Wengi hapo huenda nyumbani wakidhani mambo yameisha. Mswada wa Fedha wa kaunti, ule wenye bei za tikiti na leseni na parking, sheria yatoa mpaka siku 90 baada ya bajeti kupita. Kwa hivyo ada zako huenda zikajadiliwa Julai, Agosti, Septemba, wakati watu washachoka na habari za bajeti, na mwenye duka ashtuka Januari akienda kulipia leseni.

Mimi niliwahi kwenda mkutano mmoja wa maoni, mahali sipataji. Ukumbi wa viti kama 200, tulikuwa watu 11, na mswada ulikuwa nakala moja, twapokezana. Ulipofika kwangu nilifungua jedwali, nikapitisha kidole mpaka nikaiona meza ya soko, ilikuwa yatakiwa kupanda karibu mara mbili. Nikasimama nikasoma kwa sauti. Kulikuwa na kijana anauza viazi karai pale nje ya ukumbi, akasikia dirishani, akaacha karai lake na mwenzake akaingia akasimama nyuma na aproni yake ya mafuta, akauliza, hiyo ni ya kila siku ama ya wiki? Hakuna aliyekuwa na jibu, karani akaandika swali lile. Mswada ulivyopita ile bei ilikuwa imepunguzwa, na sisemi ni sisi tuliofanya, lakini swali la yule kijana lipo kwenye ripoti ya kamati, nimelisoma kwa macho yangu, "ya kila siku ama ya wiki", na pembeni wamejibu ya kila siku.

Kwa hivyo mwanangu ukipata majibu ya barua yako niletee nakala, na tangazo la mkutano wa wadi yenu likitoka gazetini au likibandikwa kwa chifu nitumie pia, ntakuja Kisauni na mimi, nipange safari mapema kwa sababu magoti hayapendi matatu.